Ua la Mkuyu Aliloliona Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, mafiga yao na majirani wa kuwaomba chumvi, kulikuwa na mkuyu mmoja. Sogeeni, lakini msisukumane. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza, maana hadithi hii ni ya chakula na sitaki unitie njaa.

Mkuyu huo ulisimama kando ya korongo. Mkuyu si mti wa maringo. Makuyu yake hayaendi kujificha kwenye ncha za matawi. Huota vichala vichala kwenye shina lenyewe na matawi manene, hata mfupi akisimama chini anachuma na kushiba. Ukilipasua moja lililoiva, unakuta ndani vijinyuzi vyekundu vimejaa tele, na vidudu vidogo vyeusi vinatoka mbio kama watu waliofumaniwa.

Hodari wa makuyu kuliko wote alikuwa Bi Pimbi, aliyekaa kwenye majabali jirani na mkuyu huo. Kimo hakuwa nacho, mkia hakuwa nao, lakini ulimi alikuwa nao. Akipata kuyu, hulipasua kwa ukucha, fyaa! Hulipuliza vidudu vitoke, fuu! Kisha hulianika juu ya jiwe la moto. Likikauka hulitwanga, twa, twa, twa, akapata unga wa uji mtamu usiotaka sukari. Majani machanga ya mkuyu nayo aliyachemsha kwa magadi yakawa mboga. Tai alikuwa amemchukua mumewe, akabaki na mtoto mmoja tu, Kidete, mboni ya jicho lake.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wa korongo. Mti wowote wa porini ukichanua, wa kwanza kuliona ua alilichuma, akalichomeka sikioni, akaenda nalo kwa Babu Kobe kuapa. Basi msimu ule yeye ndiye Mgawaji. Anagawa matunda kwa kila nyumba, na fungu lake huchukua mwisho. Ua la msimu huu ni la msimu huu. Msimu ujao anatafutwa mwingine.

Lakini mkuyu! Mkuyu hakuna aliyewahi kuona ua lake. Wahenga hawakuliona, na wahenga wa wahenga hawakuliona. Kwa hiyo mkuyu haukuwa na Mgawaji. Kila mwenye njaa alichuma, akasema ahsante, akaenda zake.

Mwaka mmoja mvua iligoma. Mto ukabaki mchanga mtupu. Mtama ukakauka ungali kijani. Mkuyu peke yake ndio ulioendelea kuzaa, maana mizizi yake ilijua maji yalikojificha.

Asubuhi moja Bi Pimbi alichukua ungo wake akaenda kuchuma. Alipofika, lahaula! Mkuyu umezungushiwa ua wa miiba. Ndani amesimama Tembo, na mlangoni amesimama Nyati, pembe mbele.

"Shikamoo, Bwana Tembo," alisema Bi Pimbi. "Mbona mmejifungia? Kuna arusi?"

"Marahaba," alijibu Tembo. "Hakuna arusi. Kuna Mgawaji. Ni mimi."

"Mgawaji wa mkuyu? Kwani umeona ua?"

"Nimeliona alfajiri. Jeupe, kubwa kama sinia."

"Na mimi shahidi," alisema Nyati. "Kama sinia. La pilau."

Watu wote wakaitwa barazani kwa Babu Kobe. Msidhani Babu Kobe alikuwa mwamuzi wa kutisha. Alikuwa mzee mzuri, mpole, lakini mtu akipaza sauti tu, kichwa chake, chwii! kinaingia ndani ya gamba.

"Bwana Tembo," alianza Babu Kobe, "desturi inataka ua likae sikioni. Liko wapi?"

"Nililinusa kwanza, nione lina harufu gani. Nikavuta pumzi, fyoo! Likaingia mkongani. Halijatoka mpaka sasa."

"Mkongani?" aliuliza Bi Pimbi. "Ua kubwa kama sinia?"

"UNANIITA MWONGO?" alinguruma Tembo, na majabali yakatikisika.

Chwii! Babu Kobe akaingia ndani. Kutoka humo gambani sauti yake ikasikika kwa mbali: "Hakuna anayelijua ua la mkuyu, basi hakuna awezaye kumkanusha. Mwenye nguvu mpishe. Ni Mgawaji."

Haya. Na Tembo aligawaje? Fungu la kwanza akala Tembo. Fungu la pili akala Nyati. Fungu la tatu Tembo alisema ni la mkonga wake, maana mkonga nao ulifanya kazi. Wengine wakagawiwa kivuli, tena cha upande wa nje.

Nyumbani kwa Bi Pimbi unga ukaisha. Aliukung'uta mfuko, akaukung'uta tena, akapata vumbi la kuchafua kijiko. Kidete alikuwa amelala kwenye mkeka. Zamani mtoto huyu alikuwa akiruka jabali hadi jabali; sasa hata nzi akimtua puani hamfukuzi.

"Mama," alisema, "uji uko?"

"Unakuja, mwanangu."

"Unakuja kutoka wapi?"

Bi Pimbi alitoka nje akaketi nyuma ya nyumba, akalia. Alilia kwa hasira zaidi ya huzuni, kwa sababu chakula alikuwa anakiona kwa macho, pale, ng'ambo ya miiba.

Bi Kanga, shoga yake wa siku zote, akamkuta hapo. "Shoga, usilie. Tufanye nini? Tembo ni Tembo."

"Angekuwa ameuchukua mkuyu kwa nguvu, nisingelia hivi," alisema Bi Pimbi. "Ameuchukua kwa uongo. Na sisi tunamwamkia!"

"Kwa hiyo utapigana naye?"

"Mimi? Na kimo hiki?" Bi Pimbi akafuta machozi.

Wakati huohuo, ng'ambo ya korongo, Bwana Twiga alikuwa akipita. Twiga hakuwa mtu wa pale. Alikuwa msafiri, anakwenda mabondeni kutafuta jamaa zake, na shingo yake ilionekana kabla yake mwenyewe. Bi Pimbi alimtazama Twiga. Akautazama mkuyu. Akamtazama tena Twiga.

"Shoga," alisema polepole, "kawaambie majirani waandae vikapu. Wasiniulize kwa nini."

Akaenda mpaka kwenye ua wa miiba. "Hodi, Bwana Tembo! Shikamoo."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba, hakuna."

"Kuomba? Aa, mimi nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Basi, yaache. Labda hujasikia. Nisije nikaitwa mchonganishi." Akageuka kuondoka.

"We! Rudi hapa! Sijasikia nini?"

Bi Pimbi akarudi, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Yule Twiga. Umemwona anavyozungukazunguka? Wewe unajua, msimu mpya unaingia. Haya makuyu yaliyopo ni ya msimu wako. Lakini ua la msimu ujao bado halijatoka. Na macho ya Twiga, Bwana wangu, yako huko huko juu ambako maua hukaa. Akiliona kabla yako..."

"Atakuwa Mgawaji!" alisema Tembo.

"Mimi sijasema. Wewe ndiye umesema."

"Lakini Bwana," alidakia Nyati, "ua si tuliliwaza tu wenyewe..."

"Nyamaza!" Tembo akamvuta pembeni, akamnong'oneza. Mnong'ono wa tembo, watoto wangu, unasikika mpaka kijiji cha pili. "Kwani ua lipo?"

"Si wewe uliyesema lipo?"

"Nilisema, ndiyo. Lakini kama Twiga amefunga safari kuja kulitazama, basi lazima lipo!"

Mnaona? Mwenye kuwadanganya watu wote sasa ameanza kuuamini uongo wake mwenyewe.

Tembo akarudi amejikaza. "Bi Pimbi. Hilo ua, kwa kawaida, hutoka wakati gani?"

"Ala! Wewe ndiye uliyeliona, Bwana. Mimi nitajuaje?"

"Najua, najua. Nakupima tu."

"Basi unajua kwamba hutoka kileleni, na kufumba na kufumbua limeshaanguka."

"Najua sana!"

"Na unajua kwamba mwenye kuteremsha macho hata kidogo, limempita."

"Nani asiyejua?" alisema Tembo. Akainua kichwa, akakodoa macho kileleni, tuli! Nyati naye akajaribu. Shingo ya nyati haikunjuki kwenda juu, hivyo akalala chali, miguu yote minne hewani, akakodoa.

"Nitawaimbia," alisema Bi Pimbi, "msije mkasinzia." Akaanza:

*Juu, Bwana, juu,*
*ua lachungulia!*
*Ukifumba jicho,*
*Twiga ajichukulia!*

Na kila aliposema "juu", huku chini mkono unakwenda. Wadogo walipenya chini ya miiba: digidigi, panya buku, ngedere, nguchiro. Mnakumbuka makuyu huota wapi? Kwenye shina! Tembo anatazama kileleni, na shina liko mbele ya tumbo lake linachumwa. *Juu, Bwana, juu*, pu! kuyu kikapuni. *Ua lachungulia*, kikapu kinapita chini ya miiba. *Ukifumba jicho*, ngedere anapita katikati ya miguu ya Nyati, shikamoo hampi. Nje ya ua wakubwa wanapokea, wanapokezana mpaka majabalini.

Majabali yote yakawa mekundu kwa makuyu yaliyoanikwa. Vinu vikaanza kulia tena. Jioni ile Bi Pimbi alimwinua Kidete, akamwekea bakuli mdomoni. Mtoto akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Kisha akalishika bakuli mwenyewe kwa mikono miwili. Bi Pimbi alicheka na machozi yakimtoka, hakujua aanze lipi.

Siku zilizofuata mchezo ukawa huohuo. Tembo shingo ilimkakamaa kama mchi. "Umeona kitu?" anamuuliza Nyati.

"Naona majani, Bwana."

"Na ua?"

"Naona majani mengine."

Mambo yangeenda hivyo hadi mvua, lakini Bi Kanga ni Bi Kanga. Siku moja alipokea kikapu kikubwa kuliko vyote, furaha ikamzidi, akasahau. "Kwe-kwe-kwe-kwee!" akapasua kicheko.

Nyati akageuza kichwa. Akaona ngedere. Akaona kikapu. Akaona shina jeupe, limenyonyolewa, halina hata kuyu moja.

"Bwana! Tumeibiwa!"

Wote wakatawanyika, purukushani! Bi Pimbi alikuwa juu ya mzizi, katikati ya wimbo. Mkonga ukashuka, ukamzungusha kiunoni, ukamwinua. Miguu ikabaki inacheza hewani.

"Leo nakukanyaga, kitu kidogo wewe!"

Bi Pimbi aliogopa, msije mkadhani hakuogopa. Lakini ulimi haukumwacha. "Ni haki yako, Bwana. Ila ukinikanyaga hapa, nani atajua ukali wako? Mwizi hukanyagwa barazani, watu wakitazama."

Tembo akafikiri. Alipenda kutazamwa. "Twende barazani!" alisema.

Watu wakajaa. Hata Twiga, aliyekuwa bado anazunguka akitafuta njia, alisimama kuona kuna nini. Tembo akamtua Bi Pimbi chini, pu! Akaeleza wizi wote, kwa kelele, na Babu Kobe akawa nusu ndani, nusu nje.

"Bi Pimbi," alisema Babu Kobe, "una la kusema?"

"Nina swali moja, Babu. Bwana Tembo, siku zote hizi ulikuwa unatazama nini?"

"Ua la mkuyu! Si wewe uliyeniambia nitazame?"

"Na umeliona?"

Hapo ndipo maumivu yote ya shingo yalipompanda Tembo kichwani. "NIMELIONA WAPI?" alifoka. "Nimetazama mpaka macho yametoka! Shingo hii haigeuki! Hakuna ua! Umenidanganya, wewe! Mti huu hauna ua, haujawahi kuwa na ua, na hakuna kiumbe aliyewahi kuliona!"

Watu wote wakamgeukia Tembo.

Kisha jambo la ajabu likatokea. Kichwa cha Babu Kobe kikatoka gambani. Kikatoka chote, na shingo, mpaka mikunjo ambayo wajukuu zake hawakuwahi kuiona.

"Hakuna aliyewahi?" aliuliza.

"Hakuna!"

"Na lile jeupe, kubwa kama sinia?"

Masikio ya Tembo yakaanguka, pwaa! Akamgeukia Nyati, na Nyati alikuwa ameshatazama pembeni kama mtu anayesubiri mgeni.

"Na mimi shahidi," alisema ngedere kutoka nyuma. "La pilau!"

Watu wakaangua kicheko, na Tembo akatamani ardhi ipasuke. Twiga akainamisha shingo, akauliza kwa adabu, "Samahanini, jamani. Mimi nilikuwa nauliza tu njia ya mabondeni. Hilo ua ni ua gani?"

"Ngoja nikuonyeshe," alisema Bi Pimbi.

Akatoa kuyu moja kwenye mkunjo wa nguo yake. Akalipasua kwa ukucha, fyaa! Vidudu vikatoka. Vile vijinyuzi vyekundu vikang'aa juani.

"Mimi nimeyapasua haya maisha yangu yote," alisema. "Kila siku napuliza vidudu, fuu, fuu, na kila siku najiuliza: vinafuata nini humu ndani, na mlango wenyewe ni kitundu cha sindano? Nani amewahi kuona vidudu vikihangaika hivi mahali pasipo na ua? Tazameni vizuri. Hivi vijinyuzi ndiyo maua ya mkuyu. Yamo ndani. Mkuyu haukuyaficha kwa choyo. Umeyafunga pamoja na chakula, ili asiyaone mtu pasipo kula."

Kuyu likapita mkono kwa mkono. Babu Kobe akalisogeza karibu na jicho, akalitazama mpaka vidudu viwili vikampanda puani.

"Maua," alisema mwishowe. "Madogo, lakini ni maua. Basi mama, wewe ndiye wa kwanza kuyaona. Chomeka sikioni. Wewe ni Mgawaji."

Watu wakaanza kupiga vigelegele, lakini Bi Pimbi akatikisa kichwa. Alimtazama Kidete, aliyekuwa amekaa kwenye jabali la mbele, shavu limejaa, anatafuna.

"Mwanangu ameyaona leo asubuhi," alisema. "Bi Kanga ameyaona. Kila aliyewahi kupasua kuyu ameyaona, hata asipojua anaona nini. Sasa Mgawaji atakuwa nani, Babu, kama si sisi sote?"

Babu Kobe akakubali kwa kichwa, na safari hii hakurudi gambani.

Ua wa miiba ukavunjwa siku ileile, ukawa kuni za kupikia uji. Tembo hawakumfukuza. Bi Pimbi ndiye aliyekataa. "Makuyu ya chini tumeyamaliza," alisema, "na ya juu hatuyafikii. Bwana Tembo, mkonga wako huo uliokula fungu la tatu, si ufanye kazi sasa?" Basi Tembo akawa anainama kwa aibu, ananyoosha mkonga juu, anawashushia watoto makuyu. Shingo ilimuuma bado. Lakini nasikia baadaye alianza kuipenda kazi yenyewe, maana watoto walimshangilia, na alipenda kutazamwa.

Mvua ilikuja siku yake ilipofika. Mpaka hapo hakuna nyumba ya korongoni iliyolala njaa.

Na tangu mwaka ule wana desturi mpya. Mtoto akipasua kuyu lake la kwanza, nusu anakula, na nusu huchomekwa sikioni, wakubwa wakamwambia: umeliona ua, mti ni wako nawe. Wa kwanza alikuwa Kidete. Wa pili, kwa ombi la Kidete mwenyewe, alikuwa Tembo. Alipiga magoti, mtoto akapanda juu ya goti lake, akachomeka kipande cha kuyu kwenye sikio lile kubwa. Hakikuonekana kabisa, lakini Tembo alitembea nacho kutwa nzima akikishika kisianguke.

Mwongo hahitaji shahidi wa kumshtaki, ulimi wake mwenyewe unatosha.

Hadithi yangu nimeianika hapo juu ya jabali. Ikikauka, mwenye njaa aianue.